Mtihani wa meno wa Marekani: ukuta huu ulijengwa juu ya nani?

Zamu ya kuandika mwezi huu ni yangu. Mumezoea nikiandika juu ya mihogo na mbegu, lakini leo natoka kidogo shambani. Nitaongea juu ya meno. Musicheke, mutaona tunafika wapi.

Mwaka uliopita, usiku mmoja, yaya yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Yeye ni daktari wa meno. Alisomea hapa kwetu, akatibu watu miaka minne mbele ya kupata viza ya loterie na kwenda Marekani na bwana yake. Kule anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee: anawaosha, anawalisha, anawageuza kitandani. Aliniambia hivi: "Mudogo, leo mzee mmoja alikuwa analia juu ya jino. Nikamuangalia mdomoni, nikaona kabisa ni nini. Lakini mimi siko na ruhusa hata ya kusema. Nikaita muuguzi." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza: "Unisaidie kutafuta releve zangu za chuo. Nataka kufanya ule mtihani wao."

Kusema ukweli, nilikasirika. Nilijiambia: mtu amesoma miaka yote ile, amefaulu mbele ya jury, ametibu watu, halafu anaambiwa aanze tena kama mtoto wa mwaka wa kwanza? Hawa watu wanatudharau juu ya ngozi, ama juu ya nini? Ndipo nikaanza kusoma historia ya jambo lenyewe. Na nilichokuta kilinishangaza: ukuta ule haukujengwa juu yetu. Wamarekani waliujenga kwanza juu ya watu wao wenyewe.

Turudi nyuma kidogo. Zamani, Marekani kama Ulaya, kung'oa meno haikuwa kazi ya daktari. Kinyozi aling'oa, fundi wa fedha alitengeneza meno ya bandia, na kijana aliyetaka kujua kazi alikaa karibu na fundi miezi kadhaa, akatoka na koleo lake akaanza kuzunguka vijijini. Shule ya kwanza ya udaktari wa meno duniani ilifunguliwa Baltimore mwaka 1840. Waanzilishi wake walikuwa Horace Hayden na Chapin Harris. Mwaka 1841 ilitoa wanafunzi wa kwanza, wawili tu. Mwaka huohuo jimbo la Alabama likaandika sheria ya kwanza ya nchi ile juu ya ruhusa ya kutibu meno. Lakini sheria ilibaki kwenye karatasi zaidi, na majimbo mengine yalichelewa sana. New York, Ohio na Kentucky zilifuata mwaka 1868 tu.

Katikati ya miaka hiyo kulizaliwa ugonjwa ambao sisi Wakongomani tunaujua vizuri: biashara ya diploma. Shule nyingi zilikuwa mali ya watu binafsi. Kadiri wanafunzi walivyoongezeka, ndivyo mwenye shule alivyotajirika, kwa hiyo nani angemrudisha mtu nyuma na minerval yake mkononi? Zingine hazikuwa hata na auditoire. Ulituma pesa kwa posta, cheti kikarudi kwa posta. Vyeti vya namna hiyo vilivuka bahari mpaka Ujerumani, na madaktari wa meno wa kweli waliosoma Marekani walikuwa wanaona haya kule Ulaya juu jina la diploma yao lilikuwa limeharibika. Fikirini hilo kidogo. Kuna wakati ambapo diploma ya Marekani ndiyo iliyokuwa inatiliwa mashaka.

Ndipo majimbo yakasema: diploma pekee haitoshi tena. Yakaunda kamati za watahini, na mwaka 1883 kamati hizo zikaunda shirika lao la pamoja. Bila shaka watu walilalamika. Kesi iliyomaliza mabishano ilitoka West Virginia, na jina la mlalamikaji litawachekesha ninyi muliosoma Kifaransa: aliitwa Frank Dent. Lakini Bwana Dent hakuwa daktari wa meno, alikuwa daktari wa kawaida wa mwili. Alikuwa ametibu watu tangu 1876. Jimbo likaweka sheria mpya, likaangalia cheti chake, likasema shule yake haitambuliki. Alijitetea kwamba kazi yake ni mali yake, hakuna wa kumnyang'anya. Mwaka 1889 Mahakama Kuu ya Marekani ikamjibu: jimbo lina haki ya kulinda raia wake dhidi ya wasiojua na wadanganyifu, mradi masharti yahusiane na kazi yenyewe na mtu aweze kuyafikia kwa kusoma na kujitahidi. Mpaka leo, ruhusa zote za kazi kule, za meno, za dawa na nyingine, zinasimama juu ya jiwe hilo.

Shikeni maneno hayo ya mwisho, kwamba mtu aweze kuyafikia kwa kusoma na kujitahidi. Nitayarudilia.

Mtu mwingine wa kukumbuka ni William Gies. Hakuwa daktari wa meno, alikuwa mwalimu wa kemia ya viumbe kwenye chuo kikuu cha Columbia. Shirika la Carnegie lilimpa kazi ya kuchunguza shule zote za meno za Marekani na Kanada, naye akazitembelea moja baada ya nyingine. Ripoti yake ilitoka mwaka 1926. Alisema mafundisho ya meno lazima yawe ndani ya chuo kikuu, yasimame sawa na ya udaktari mwingine, na mwanafunzi awe ameandaliwa vizuri mbele ya kuingia. Shule za biashara zikafa. Miaka miwili baadaye, 1928, ikaundwa Halmashauri ya Taifa ya mitihani ya meno, na mtihani wake ukaanza katika miaka ya 1930. Faida yake ilikuwa hii: badala ya kila jimbo kutunga maswali yake ya nadharia, kukawa na mtihani mmoja ambao majimbo yote yangeweza kuupokea. Mtihani wa mikono, ule wa kuchimba na kuziba jino, ukabaki kwa majimbo.

Mpaka hapo munaona vizuri: yote haya ni mambo ya ndani, ya Wamarekani kuogopana. Lakini nisiwadanganye kwamba ukuta ule haukuwa na rangi. Robert Tanner Freeman, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, alipata diploma ya meno Harvard mwaka 1869, Mweusi wa kwanza Marekani, kwenye darasa la kwanza kabisa la shule ile. Baada yake, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya madaktari wa meno Weusi walitoka kwenye shule mbili tu, Howard na Meharry, juu shule nyingine ziliwafungia mlango. Kwa hiyo mtihani ulikuwa mmoja kwa wote, lakini njia ya kufika kwenye mtihani haikuwa moja. Hilo nalo mulishike.

Sasa wageni wanaingia kwenye hadithi. Katika miaka ya 1930, Wayahudi waliokimbia Ujerumani ya Hitler walifika Marekani, na kati yao walikuwemo madaktari wa meno wenye jina na uzoefu. Wengi walirudishwa darasani, wakakaa kwenye benchi na vijana walioweza kuwa watoto wao. Tena majimbo mengi yalidai uraia, na uraia unachukua miaka. Baada ya vita, mwaka 1956, Marekani na Kanada zikakubaliana kutambua shule za meno za upande mwingine. Mkanada alipata daraja, mwingine wote akabaki ng'ambo ya mto.

Mwaka 1965 sheria mpya ya uhamiaji ilifuta mgawanyo wa zamani uliokuwa unapendelea watu wa Ulaya. Wakaja Wahindi, Wafilipino, Waarabu, baadaye sisi Waafrika, na kati yao watu wenye diploma kubwa. Mwaka 1973 Mahakama Kuu iliamua kesi ya mwanamke Mholanzi, Fre Le Poole Griffiths, aliyekataliwa kuwa wakili Connecticut juu hakuwa raia. Alishinda. Kesi ilihusu mawakili, lakini sharti la uraia likaanza kuanguka kwenye kazi nyingine pia. California, yenye wageni wengi, ilikuwa kwa muda mrefu na mlango wake wa pekee: daktari wa meno wa nje alionyesha ufundi wa mikono kwenye meno ya plastiki, na akifaulu aliweza kuendelea kwenye mtihani wa ruhusa bila kurudi chuoni. Wafilipino wengi walipita pale. Mlango huo ulifungwa mwishoni mwa 2008. Kwa hiyo anayefika leo anakuta njia nyembamba kuliko waliomtangulia.

Njia ya leo ikoje? Nitaeleza kwa kifupi, juu najua kuna wanafunzi wa meno wanaosoma ukurasa huu.

Kwanza unajiandikisha na kupata namba yako ya kudumu, inaitwa DENTPIN. Kisha releve zako zote zinakwenda kwa shirika la kulinganisha elimu, linaloitwa ECE, lililo Milwaukee. Wao wanachambua somo moja baada ya lingine, saa zake na alama zake, wanatuma ripoti kwa wenye mtihani. Ripoti ikikubaliwa, unalipa. Ada ni mamia ya dola, na aliyesoma nje anaongezewa ada nyingine juu yake. Kisha unachagua siku na kituo. Vituo kwa kawaida viko Marekani, kwenye maeneo yake na Kanada, kwa hiyo aliye Bukavu ama Kisangani anahitaji viza mbele ya kuhitaji vitabu.

Mtihani wenyewe umebadilika. Zamani ulikuwa na sehemu mbili: ya kwanza sayansi za msingi, ya pili kliniki. Tangu Agosti 2020 kuna mtihani mmoja unaounganisha yote, INBDE. Una maswali 500 kwa siku mbili, siku ya kwanza 360, ya pili 140. Hawakuulizi tu jina la mshipa. Wanakupa mgonjwa mwenye umri wake, dawa anazokunywa, picha ya mdomo, kisha wanakuuliza utafanya nini. Kwa sisi tuliozoea kumeza syllabus na kuitapika siku ya mtihani, hapo ndipo panapouma. Wanaofaulu wengi wanasema waliacha kusoma kwa kurasa, wakaanza kusoma kwa maswali: maswali mengi kila siku, na kwa kila kosa kujiuliza kwa nini. Una nafasi tano ndani ya miaka mitano, kwa hiyo si mtihani wa kwenda kujaribu bahati.

Kuna jambo moja dogo lililowaumiza wageni bila watu kuliona. Mpaka mwisho wa 2011 matokeo yalitoka na namba. Mkongomani ama Mhindi wa shule isiyojulikana, akipata namba kubwa, alikuwa na kitu cha kuonyesha. Tangu Januari 2012 karatasi inasema tu umefaulu ama umeshindwa. Nia yao haikuwa mbaya: mtihani wa ruhusa ni wa kujua kama mtu anafaa, si wa kupanga watu kwa mstari. Lakini aliyetoka kwenye chuo kisichojulikana alipoteza sauti yake. Mwaka 2016 ukaletwa mtihani mwingine wenye namba, ADAT, lakini si kila shule inauomba.

Na ukifaulu INBDE, bado hujapata ruhusa. Majimbo mengi yanadai uwe umesoma angalau miaka miwili kwenye shule inayotambuliwa kule. Unaomba kupitia mfumo mmoja unaoitwa CAAPID, wanakuita, unafanya mahojiano, mara nyingi unachonga meno ya plastiki mbele yao. Ukichukuliwa unasoma miaka miwili ama mitatu, na gharama kwa jumla mara nyingi inapita dola 100,000. Baada ya hapo ndipo unaomba ruhusa ya jimbo.

Sasa nirudi kwa yaya na releve zake, juu huko ndiko nilikojifunza zaidi.

Nilienda kwenye chuo chake, nisichokitaja. Apparitorat ikanituma kwa sekretari wa fakilte. Sekretari akanirudisha apparitorat. Daftari la promotion yake mwaka mmoja lilikuwa limelowa mvua. Mtu mmoja akaniomba "ya transport". Nililipa, sitajificha, na mpaka leo naona haya kwa hilo. Releve za mwaka mmoja zilionyesha alama bila kuonyesha saa za masomo, na wale wa Milwaukee wanataka saa. Halafu ikabidi bahasha ifungwe na kupigwa muhuri na chuo chenyewe na kutumwa na chuo chenyewe, si na mimi. Kumuelewesha sekretari jambo hilo kulichukua wiki mbili. "Wewe si ndugu yake? Peleka tu." Ilibidi nimuambie: papa, wakiona jina langu kwenye bahasha wataitupa.

Kisha likaja jambo la majina. Sisi tuko na jina, postnom na prénom, na postnom hiyo ni urithi wa mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo. Kwenye diploma ya yaya yako matatu, yamepangwa kwetu. Kwenye kitambulisho chake cha Marekani yako mawili, yamepinduliwa, na herufi moja imepotea. Sheria ya mtihani ni kwamba jina lifanane kabisa na kitambulisho. Herufi moja, ndugu zangu, ilikula mwezi mzima.

Yote pamoja yalichukua miezi saba. Na Marekani haikuhusika na hata nusu ya miezi hiyo.

Hapo ndipo hasira yangu ilibadilika njia. Mimi ni mtu wa shamba. Mbegu ya mahindi ikitoka ng'ambo ya mpaka, hata kama kule imezaa vizuri, hapa SENASEM lazima iikague mbele ya kuuzwa. Hakuna anayesema ni dharau. Aliyewahi kuona shamba la mihogo likimalizwa na mosaïque iliyokuja na vipando vya bure anaelewa kwa nini. Mdomo wa mtu si chini ya shamba. Na sisi wenyewe tunafanya vilevile: wenzetu wangapi wamesoma Burundi, Rwanda, Uganda, wamerudi na diploma zao, wakaambiwa wangojee équivalence ya Kinshasa? Ukuta tunao hata sisi, tofauti ni kwamba wetu hauna mtihani wala tarehe. Ni kungoja tu.

Lakini nina neno kwa Marekani pia. Mahakama ile ya 1889 ilisema masharti yaweze kufikiwa kwa kusoma na kujitahidi. Dola 100,000 hazifikiwi kwa kusoma. Mtu aliyefaulu maswali 500 ameonyesha kichwa chake. Akichonga jino vizuri mbele ya watahini ameonyesha mikono yake. Kumrudisha darasani miaka miwili kwa bei ya nyumba, hapo tumetoka kwenye kumlinda mgonjwa, tumeingia kwenye kulinda mlango.

Na historia yetu inaonyesha kuna njia nyingine. Mwaka 1960 tulipopata uhuru hatukuwa na daktari hata mmoja Mkongomani. Tulikuwa na wasaidizi wa matibabu, waliofanya kazi miaka mingi chini ya Wabelgiji bila kuitwa madaktari. Hakuna aliyewaambia waanze sifuri, wala hakuna aliyewagawia diploma bure. Shirika la Afya Duniani liliwasaidia makumi yao kwenda Ufaransa, wakaongeza kile kilichokosekana, wakarudi madaktari. Kupima kilichopo, kuongeza kilichokosekana. Mimi sijaona mpango mzuri kuliko huo.

Yaya alifanya mtihani, akafaulu. Bado haosomi popote. Anaendelea na kazi ya wazee, na watoto wakilala anaweka meno ya plastiki kwenye meza ya jikoni anachonga, akingoja shule yoyote imuite. Mwaka wa kwanza aliomba, hakuna iliyomuita. Mwaka huu anaomba tena.

Ninyi munaobaki, fanyeni hili mbele ya yote. Ombeni releve zenu zote sasa, zenye saa za masomo, mihuri ikiwa bado inaonekana na sekretari akiwa bado anawajua kwa sura. Angalieni majina yenu, herufi kwa herufi, kwenye diploma, kwenye pasipoti, kwenye cheti cha kuzaliwa. Hifadhini maelezo ya kila somo. Si kwa wanaotaka Marekani tu: hata wa équivalence, hata wa bourse, hata wa kazi hapa mjini.

Na kamati ya chama, nawaomba tuandike barua moja kwa vyuo vyetu: kila anayemaliza apewe releve zake kamili siku ya kupewa diploma, bila "transport". Mimi niko tayari kuandika rasimu. Wenye releve zao nyumbani, miaka yote, saa zote, munyooshe mkono tuwahesabu. Naogopa tutakuwa wachache.